Jinsi ya Kukagua Gari la Sloti la Bei Nafuu: Mwongozo kwa Wapenda Magari ya Mashindano ya Zamani

Kigari changu cha kwanza cha bei ya chini kilikuwa Ford GT40 ya samawati yenye mstari wa chungwa, na nilikihukumu ndani ya dakika kumi. Kilikuwa kinashtuka-shtuka kama mwenye kwikwi, kinazima katikati ya njia iliyonyooka, kisha kinaruka nje kwenye kona ya kwanza. Nikakirudisha kwenye boksi na kuwaambia wenzangu kwamba nimeliwa. Miezi kadhaa baadaye nikakitoa ili nikiibie skrubu. Nikakipindua, nikaona msuko mmoja wa waya chini ya pua umejikunja juu kama kucha ndefu. Nikaunyoosha kwa kidole, nikakijaribu, na hakijazima tena tangu siku hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Ugonjwa wa sekunde kumi niliuita kilema cha kuzaliwa. Gari la sloti la bei nafuu lazima liwe na kasoro, hilo halina mjadala, kwa hiyo kazi ya anayekagua si kuzihesabu. Kazi yake ni kujua kasoro ipi inatibika kwa msasa na tone la oili, ipi inavumilika, na ipi imeshagandishwa ndani ya plastiki na haitatoka kamwe. Ndiyo maana nakagua kwa mpangilio huu, na ndiyo maana siandiki neno "bovu" mpaka nimefika mwisho.

Kwa mgeni: gari la sloti ni modeli ndogo yenye mota ya umeme. Chini ya pua ina ulimi wa plastiki unaoingia kwenye mfereji wa njia, na kila upande wa ulimi kuna msuko wa waya laini wa shaba unaosugua reli ya chuma na kuchota umeme. Mkononi unashika kidhibiti chenye kifyatuo. Ukibana, umeme unaongezeka, ukiachia, unapungua. Usukani hakuna. Mchezo huu uliingia majumbani kwa kishindo mwaka 1957, Mwingereza Fred Francis alipoanza kuuza Scalextric, na magari ya mwanzo yalikuwa Maserati 250F na Ferrari 375 za bati. Carrera ya Ujerumani ilifuata mwaka 1963. Kipimo kilichoenea zaidi kwa michezo ya nyumbani ni 1/32, na vipimo vyote hapa chini vinafuata hicho.

Andaa rula yenye milimita (kalipa ikiwepo ni bora zaidi), kipande cha kioo kilichonyooka, bisibisi ndogo, lenzi ya kukuzia, mizani inayosoma gramu, msasa laini, oili nyepesi, simu yenye kamera, na daftari. Daftari ni la lazima. Macho husahau haraka, hasa yakishapenda rangi.

Hatua ya 1: Jua ni gari lipi hasa, la siku ipi

Boksi likiandikwa "Ford GT40" bado hujaambiwa kitu. Iliyoshinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka 1966 ni Mk II yenye injini ya lita 7, namba 2, mikononi mwa Bruce McLaren na Chris Amon. Ile yenye rangi za kampuni ya mafuta ya Gulf, samawati na chungwa, ilishinda mara mbili mfululizo kwa chasisi ileile, namba 1075. Mwaka 1968 ilivaa namba 9 na kuendeshwa na Pedro Rodríguez na Lucien Bianchi. Mwaka 1969 ilivaa namba 6 na kuendeshwa na Jacky Ickx na Jackie Oliver. Hiyo ndiyo mbio ambayo Ickx aliliendea gari lake kwa kutembea, wenzake wakitimua mbio, akipinga mtindo hatari wa kuanza kwa kukimbilia magari. Akaondoka wa mwisho, na saa 24 baadaye gari likashinda kwa mita mia moja na ushei tu. Kwa hiyo kigari chenye namba 9 na jina la Ickx mlangoni ni mchanganyiko wa miaka miwili, na hilo unaligundua hata kabla ya kufungua boksi.

Mtengenezaji wa bei nafuu ana tabia moja ambayo simlaumu sana. Kalibu ya kumiminia plastiki ni ghali, basi akishaipata anaitumia mpaka ichoke, leo kwa rangi ya mbio hii, kesho kwa rangi ya mbio ile. Rangi inabadilika, umbo linabaki lilelile. Kwenye Porsche 917, kwa mfano, kuna mkia mfupi na kuna mkia mrefu, na haya ni maumbo mawili tofauti kabisa. Ile nyekundu na nyeupe namba 23, iliyoipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans mwaka 1970 ikiwa na Hans Herrmann na Richard Attwood, ni ya mkia mfupi. Ukiikuta na mkia mrefu, umeuziwa rangi.

Tafuta picha tatu: ya ubavuni, ya mbele, na ya nyuma kwa pembe. Ziwe za siku yenyewe ya mashindano. Picha za magari yaliyokarabatiwa zinadanganya, kwa sababu magari haya yamebadilishwa vioo, matairi, hata rangi, mara nyingi kuliko wamiliki wanavyokiri.

Hatua ya 2: Pima

Chukua kipimo cha gari halisi kwa milimita, gawanya kwa 32. Anza na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maana huo ndio unaobeba sura nzima ya gari. GT40 halisi ina milimita 2,413, kwa hiyo kigari kiwe na 75.4. Ferrari 250 GTO ina 2,400, sawa na 75 kamili. Porsche 917 ina 2,300, sawa na karibu 72. Mini ina 2,036, sawa na 63.6, na upana wake wa milimita 1,410 unashuka hadi 44 tu.

Tofauti ya milimita moja naisamehe bila kinyongo. Milimita mbili kwenye 917 huenda usizione, ila kwenye Mini utaziona ukiwa upande wa pili wa chumba, kwa sababu gari lenyewe ni fupi. Sababu ya tofauti hizi karibu kila mara ni moja: mtengenezaji ana chasisi moja anayotaka ibebe magari matatu.

Sababu nyingine ni mota. Aina ya kawaida ina urefu wa milimita 25, upana wa 20 na kimo cha 15 hivi. Iweke kwenye Mini, sawa. Sasa jaribu kuificha ndani ya Lotus 49, gari la Formula 1 lenye mwili mwembamba kama sigara, uone kazi. Wengine hutumia mota nyembamba zaidi, wengine hunenepesha gari kimyakimya. Pima upana wa mwili hapo dereva anapokaa, usipime kwenye magurudumu.

Kimo nakiangalia kwa ukali kuliko vyote. Jina GT40 lilitokana na kimo cha gari, inchi 40, ambazo kwa kipimo chetu ni milimita 32 tu kutoka sakafuni hadi paani. Vigari vingi vya bei nafuu husimama juu mno, kama vimevalishwa viatu vya visigino. Usikate tamaa papo hapo, tafuta chanzo. Kama matairi ni makubwa kupita kiasi, msasa utayapunguza. Kama matundu ya ekseli yamewekwa chini mno kwenye chasisi, hapo umekutana na kasoro ya kuzaliwa. Iandike.

Hatua ya 3: Liangalie kwa macho ya mtu mdogo

Mtu wa kimo cha mita 1.75, kwa kipimo cha 1/32, anakuwa na sentimita tano na nusu. Sisi tunaviangalia vigari hivi kutoka juu, kama ndege, halafu tunashangaa kwa nini havifanani na picha. Weka kigari mezani, inama mpaka jicho lako liwe sentimita tano juu ya meza, kisha angalia.

Afadhali zaidi utumie simu. Isogeze mbali na kigari, hatua mbili hivi, halafu vuta picha karibu kwa kukuza. Ukipiga kwa karibu sana, lenzi ya simu inavimbisha pua na kukondesha mkia, nawe utamlaumu mtengenezaji kwa kosa la kamera. Weka picha yako kando ya picha ya mashindano na ufuate mstari mmoja tu: kutoka ncha ya pua, juu ya tairi la mbele, kioo, paa, hadi mkia. Mstari huo ukikubali, kigari kimefaulu hata kama vishikizo vya milango vimechorwa tu. Ukikataa, hakuna stika itakayokiokoa. Nimeona 250 GTO yenye mambo madogo yote, vifungo, grili, hata kifuniko cha tangi la mafuta, lakini kioo cha mbele kimesimama wima kidogo kuliko inavyotakiwa. Gari zima likaonekana kama teksi.

Vioo vya bei nafuu ni vinene, na unene huo hupinda mwanga kwenye kingo. Linavumilika. Ndani utakuta dereva aliyekatwa kifuani, kichwa na mabega yamekaa juu ya sahani ya plastiki, kwa kuwa chini yake kuna mota. Hilo nalo usilihesabu dosari kwenye gari lenye paa. Kwenye gari la wazi la Formula 1 linaonekana, kwa hiyo hapo lihesabu.

Mwangalie huyo dereva kofia yake. Dan Gurney ndiye aliyeleta kofia inayofunika uso mzima kwenye Formula 1, mwaka 1968. Lotus 49 ilishinda mbio zake za kwanza kabisa Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967 ikiwa na Jim Clark, na Clark siku hiyo uso wake ulikuwa wazi, miwani juu ya macho. Ukimkuta amefunikwa kidevu, mtengenezaji ametoa dereva kwenye sanduku la akiba. Na ukiona bawa refu nyuma ya Lotus ya 1967, hilo ni la baadaye.

Hatua ya 4: Rangi na maandishi

Hapa sitakaa sana, maana watu hukaa hapa kupita kiasi. Chukua lenzi, fuata ukingo wa mstari mmoja wa rangi kutoka pua hadi mkia, uone kama unavuka maungio ya bodi bila kuvunjika. Angalia namba nyeupe juu ya rangi iliyokoza: kama rangi ya chini inapenya, chapa ilikuwa nyepesi. Maandishi madogo yasomeke, au angalau yafanane na maandishi.

Matangazo ya sigara mara nyingi yameachwa makusudi, kwa kuwa kigari kinauzwa kama kitu cha watoto. Lotus ilianza kuvaa rangi za sigara za Gold Leaf mwaka 1968, na utakuta modeli zake zina rangi sahihi ila pengo tupu mahali pa jina. Usimkate mtengenezaji alama kwa hilo.

Hatua ya 5: Pindua

Mpaka hapa tumekagua sanamu. Sasa tunakagua mashine, na hapa ndipo vigari vya bei nafuu vinapofichua siri zao, nzuri na mbaya.

Anza na ulimi. Uzungushe kwa kidole kushoto na kulia. Uende kwa uhuru bila kukwama. Kama waya za umeme zinauvuta upande mmoja, zipinde upya kwa upole. Kisha misuko: iwe imelala, imechanuka kidogo mwishoni kama ufagio mchanga, na yote miwili iwe kimo kimoja. Unajua kwa nini nalisema hili kwa uchungu.

Weka kigari juu ya kioo. Magurudumu ya nyuma yote mawili yaguse kabisa. Bonyeza kona moja ya nyuma halafu nyingine. Kikicheza kama meza ya mguu mfupi, ama ekseli imepinda ama chasisi imejikunja. Ng'oa ekseli uivingirishe juu ya kioo; iliyopinda itadunda. Ekseli inabadilishwa. Chasisi iliyojikunja kidogo inatibika pia: toa mota na waya zote, izamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka, ibane juu ya kioo mpaka ipoe. Ikiwa imejikunja sana, usijisumbue. Magurudumu ya mbele hayana kazi kubwa, kwa sababu pua inabebwa na ulimi. Yakigusa njia kwa mbali yatosha, ila yasiunyanyue ulimi kutoka kwenye mfereji. Hilo la mwisho ni kosa la kawaida sana, na watu wengi huishia kulaumu sumaku.

Shika gurudumu la nyuma ulitikise. Mchezo wa nusu milimita kushoto na kulia ni mzuri. Mchezo wa juu na chini si mzuri, maana bushi, yaani vile vipete vinavyoshika ekseli, zimelegea kwenye vikao vyake. Tone dogo la gundi linazikamata, mradi gundi isiguse ekseli. Nimewahi kugandisha ekseli nzima kwa tone moja lililozidi, na kigari kikawa kizito kama jiwe la kuzuia karatasi.

Zungusha matairi polepole mbele ya mwanga. Karibu yote ya bei nafuu yana mstari mwembamba uliobaki katikati ulikotoka ukingo wa kalibu, na mengi si mviringo kamili. Usiandike "bovu". Andika "msasa". Rimu ni jambo jingine: rimu ya plastiki iliyotobolewa nje ya katikati itayumba daima, na dawa pekee ni kununua nyingine.

Kisha gia. Pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 9 ikisukuma gia ya meno 27 ya kwenye ekseli, mota inazunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Sogeza gurudumu mbele na nyuma kwa ncha ya kidole. Usikie kijinafasi kidogo sana kati ya meno. Pasipo nafasi kabisa, mota itachoka na kupata joto. Nafasi ikizidi, meno yatalika. Angalia pia kama mota imetulia kwenye kikao chake. Mota inayoinuka ukiisukuma kwa kidole gumba itaruka meno kila unapobana kifyatuo kwa ghafla. Tone la gundi ya moto kila upande linamaliza habari.

Mwisho fungua skrubu, utazame nguzo za bodi zinazozipokea. Nyufa nyembamba kuzunguka nguzo ni dalili kwamba kiwandani zilikazwa kwa hasira. Ukiwa ndani, tafuta kama kuna nafasi ya kifaa cha dijitali (cha kuendesha magari kadhaa kwenye mfereji mmoja), kama unatumia njia ya aina hiyo, na uangalie kama mota, gia na ulimi ni vya umbo la kawaida vinavyobadilishana na vya wengine. Kigari kinachotumia kipuri kisichopatikana popote kina bei nyingine ambayo hujaiona bado.

Hatua ya 6: Umeme mezani

Tia tone moja la oili kwenye kila bushi na grisi kidogo kwenye gia. Kiinue nyuma ili magurudumu yasiguse kitu, kipe umeme mdogo, kiache kizunguke dakika chache. Sikiliza. Mlio wa mota ndogo ni wa juu na wa mfululizo. Mkwaruzo unaorudia kwa mpangilio unatoka kwenye gia, na mtetemo unaokua kadiri kasi inavyoongezeka unatoka kwenye matairi au rimu. Baada ya hapo iguse mota. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe kidole, rudi kwenye gia.

Usihangaike na kasi. Mota ya mizunguko 18,000 kwa dakika kwa volti 12, uwiano wa 3 kwa 1, na tairi la kipenyo cha milimita 20 vinakupa mita 6 na ushei kwa sekunde bila mzigo. Izidishe kwa 32 na umefika kilomita 720 kwa saa, mara mbili hivi ya mwendo wa Porsche 917 yenye mkia mrefu kwenye barabara ndefu ya Mulsanne kule Le Mans. Kasi ya kukutoa jasho ipo hata kwenye kigari cha bei ya chini kabisa. Kinachokosekana ni ulaini.

Hatua ya 7: Njiani, na sumaku kisha bila sumaku

Safisha reli na matairi kwanza. Chukua kigari kingine unachokifahamu vizuri kiwe kipimo, kwa sababu njia hubadilika kutwa nzima kadiri vumbi na joto vinavyobadilika, na mkono wako pia. Volti ziwe zilezile: transfoma ya volti 12 na ya karibu volti 15 hutoa magari mawili tofauti kutoka kwenye boksi moja.

Endesha mizunguko mitano ya kuzoea usiyoihesabu, kisha 20 ya kuandika. Usijisifu kwa mzunguko mmoja wa haraka. Andika wastani, andika idadi ya kuruka nje, na andika *wapi* kilirukia. Kikitoka kila mara kona ileile, pengine tatizo ni njia. Kikitoka kona za kushoto tu, angalia waya za ulimi au ekseli. Kikidunda-dunda kwenye njia iliyonyooka kabla ya kutoka, hayo ni matairi.

Sumaku iliyo chini ya chasisi huvuta reli za chuma na kukikandamiza kigari kwenye njia. Kupima nguvu yake, weka kigari juu ya kipande cha njia, kisha kigeuze kipande juu chini. Kikining'inia, sumaku inashinda uzito wote wa kigari, ambao kwa kawaida ni gramu 70 hadi 90 hivi. Kwa mtoto ni raha tupu. Kwa gari la miaka ya sitini ni udanganyifu, na hapa nasema kama mwenye msimamo: magari yale yalikuwa yakiteleza. Nyuma ilichomoka, dereva akairudisha. Sumaku kali inakata kona kama treni, mpaka ghafla inaachia na kigari kinaruka nje bila kukupa onyo. Juu ya njia za mbao zenye utepe wa shaba, sumaku haina hata cha kuvuta.

Kwa hiyo itoe, uendeshe tena mizunguko 20. Muda utaongezeka, hilo litegemee. Unachotafuta ni namna kinavyopoteza mshiko. Kigari kizuri kinaanza kuteleza nyuma taratibu, unakiona, unaachia kifyatuo kidogo, kinarudi. Kibaya hakitelezi: kinainua gurudumu la ndani na kupinduka. Kupinduka kunatokana na uzito ulio juu mno, au matairi yanayoshika kuliko upana wa gari unavyoruhusu. Mini, fupi na nyembamba, ina haki ya kupinduka kidogo. Na isikushangaze kwamba Mini nyingi za sloti zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, ilhali ile ya Paddy Hopkirk iliyoshinda rali ya Monte Carlo mwaka 1964, namba 37, ilivutwa na ya mbele.

Hatua ya 8: Kipe saa moja, kisha kipime tena

Hukumu bila matibabu si haki. Nina kanuni ya saa moja: kigari cha bei nafuu kinapewa saa moja ya mikono yangu, bila kipuri kipya hata kimoja.

Matairi yanachukua nusu ya saa hiyo. Bandika msasa kwenye ubao ulionyooka, uweke kigari matairi ya nyuma yakiwa juu ya msasa, ulimi ukipata umeme kidogo kutoka kwenye waya mbili, ukishike kisiondoke. Yaache matairi yazunguke kwa mwendo wa chini. Mwanzoni utasikia tak-tak-tak, ni vile vilima vinavyogonga. Vumbi jeusi linakusanyika nyuma kama masizi. Inua, tazama: sehemu inayong'aa bado haijaguswa, sehemu yenye giza imeshaguswa. Endelea mpaka weusi uwe mmoja kuzunguka tairi zima na ile tak-tak igeuke kuwa msuguano wa mfululizo. Usikandamize, joto huyeyusha rimu za plastiki. Maliza kwa msasa laini zaidi, futa kwa kitambaa chenye maji.

Halafu legeza skrubu za bodi nusu mzunguko kila moja. Bodi ikicheza kidogo juu ya chasisi, mitetemo inaishia hapo badala ya kufika kwenye matairi. Uzito nao: vipande vidogo vya madini ya risasi, gramu mbili tatu kwa wakati, vibandikwe chini kabisa kwenye chasisi. Anza nyuma ya ulimi kama pua inainuka, au mbele ya ekseli ya nyuma kama mshiko ni mdogo. Nawa mikono baada ya kushika risasi.

Rudi njiani, mizunguko 20 ileile.

Hatua ya 9: Toa hukumu

Sasa soma daftari na upange kila kasoro mahali pake. Misuko, matairi, skrubu, mota iliyolegea, bushi: hizi zimeshatoka kwenye hesabu, labda uzitaje kama muda uliotumika. Vioo vinene, dereva wa nusu, matangazo yaliyokosekana, namba yenye uwazi kidogo: hizi ni bei kujieleza yenyewe. Zinazobaki ndizo hukumu: mstari wa umbo, umbali wa ekseli, kimo kilichotokana na chasisi, rimu iliyotobolewa vibaya kama rimu nyingine hazipatikani.

Kigari chenye kasoro moja ya kundi la mwisho nakichukua kama gari lenyewe nalipenda. Zikiwa mbili, nakiacha, hata kama kinakimbia vizuri, kwa sababu nitakitazama muda mrefu zaidi kuliko nitakavyokiendesha. Mwenye kupenda mbio kuliko kabati anaweza kugeuza hesabu hiyo. Asichoweza ni kusamehe chasisi iliyojikunja sana.

Ile GT40 yangu, baada ya saa yake moja, ilishuka kutoka wastani wa sekunde 9.6 hadi 8.7 bila sumaku, na kati ya mizunguko 20 ilitoka nje mara moja, nilipopiga chafya. Umbali wa ekseli ni milimita 75 na nusu. Taa zake za mbele ni kubwa kidogo kuliko za picha ya 1969, zinaipa sura ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Niliziandika kwenye kundi la pili.